Nyaya Zilizochomwa

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akaketi barazani kumenya nyaya. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kukosa subira. Hata kuoga, alilowa tu akatoka.

Mama yake alikuwa fundi umeme. Alikuwa ameng'oa nyaya kuukuu katika jengo la ofisi, na mwenye jengo akamwachia zote. Alitaka kuziuza kwenye uwanja wa vyuma chakavu ili anunue miwani, maana siku hizi aliipapasa skrubu kwa kidole kabla ya kuikaza.

"Chana plastiki kwa kisu, uivue taratibu," alimwagiza binti yake. "Shaba itoke inang'aa. Usichome moto."

"Sawa, mama."

Siku ya tatu vidole vilimuuma, na wenzake walikuwa nje wakiruka kamba. Mama hakuwa amerudi kutoka kazini. Chapuchapu alibeba nyaya zilizobaki hadi nyuma ya nyumba, akazitia moto. Moshi mweusi ulimkaba koo, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Shaba ilibaki nyeusi tii. Akaisukumia chini kabisa ya gunia, juu akaweka ile inayong'aa.

"Umemaliza?" mama aliuliza jioni.

"Nimemenya zote, mama."

"Umenitua mzigo, mwanangu."

Jumamosi walikwenda pamoja uwanjani. Mzee wa mizani hakuangalia juu ya gunia; alilimwaga lote sakafuni. Akaokota waya mweusi, akaukunja, ukakatika.

"Fundi, hizi zimechomwa. Shaba safi ni daraja la kwanza. Hii imeliwa na moto, ina masizi. Bei yake ni ya chini. Na ukinichanganyia hivi, nalipima gunia zima kwa bei ya chini."

"Hapana, mzee wangu. Binti yangu amemenya kwa mkono. Mtazame vidole."

Chapuchapu alificha mikono nyuma. Alitamani ardhi impasukie.

"Nilizichoma, mama," alisema.

 Mama aliinama, akaanza kutenganisha nyaya zinazong'aa na nyeusi, akisogeza kila waya karibu na macho. Chapuchapu alipiga magoti kando yake, wakachambua hadi mchana. Hata hivyo, fedha hazikufikia miwani.

Kwa miezi miwili mama aliendelea kupapasa skrubu, na kila mara Chapuchapu aligeuza uso. Ilipopatikana kazi nyingine yenye nyaya kuukuu, alizimenya zote kwa kisu, waya kwa waya, na mzee wa mizani akazipokea zote kwa daraja la kwanza.

Siku mama alipovaa miwani, Chapuchapu aliomba radhi.

"Nilikusamehe zamani," mama alisema. "Moshi ule ni sumu, ungeweza kukudhuru kifua. Lakini kilichoniuma zaidi ni kumbishia mzee wa watu, nikikutetea kwa uongo wako. Kazi ikikushinda, sema, 'Imenishinda.' Tutakaa chini wawili, tumenye."