Mkate Uliosubiri Mstari wa Mwisho

Saa moja asubuhi oveni ilikuwa baridi, na unga ulikuwa umeumuka hadi juu ya ukingo wa bati.

"Mstari unaofuata," alisema mwokaji.

Mumewe, fundi baiskeli, aliweka kidole kwenye kitabu cha mapishi. Akasoma polepole: "Tia bati kwenye oveni iliyokwisha kupata moto."

Wakatazamana.

"Iliyokwisha?" aliuliza mkewe. "Itakuwa imekwisha saa ngapi, nawe ndiyo kwanza unanisomea?"

"Mke wangu, sikukiandika mimi. Mimi nasoma tu."

Wakawasha mkaa. Oveni ilipopata moto, unga ulikuwa umepitiliza, ukanywea. Mkate ulitoka bapa.

Hivyo ndivyo walivyosoma tangu wamalize kisomo cha watu wazima. Darasani mmoja alisoma mstari, wenzake wakatenda lililosemwa. Nyumbani wakaendelea vivyo hivyo: mume asome, mke atende.

Lakini wiki hii kosa lilikuwa na uzito. Chuo cha ufundi kilitafuta mtu wa kukipelekea mkate kila siku. Mpishi mkuu wa chuo alitaka kuonja Alhamisi. Akiukataa, kazi ingekwenda kwa mwokaji mwingine.

Jirani yao, mkutubi wa maktaba ya mtaa, alipita kununua mkate wa chai.

"Leo mnauza sahani?" aliuliza.

"Usinicheke, shoga. Nimefuata kitabu neno kwa neno."

"Ulikisoma hadi mwisho kabla ya kuanza?"

"Mwisho nikiujua, raha iko wapi?" alidakia fundi.

Mkutubi alivuta kigoda. "Shemeji, hiyo ni riwaya. Riwaya ukijua mwisho mapema, umejiharibia utamu. Mapishi usipojua mwisho mapema, umejiharibia mkate. Someni maelekezo yote, hadi mstari wa chini. Ndipo mshike unga."

"Na hiki cha biashara?" Fundi alionyesha kitabu kingine cha maktaba. "Kila siku naanza ukurasa wa kwanza, kila siku nasinzia palepale."

"Nani alikwambia uanze wa kwanza? Tazama orodha ya sura. Chagua inayojibu swali lako. Swali lako ni lipi?"

"Huyu mpishi anataka mkate gani?"

Kidole chake kiliteremka kwenye orodha, kikasimama kwenye sura iitwayo Mjue Mteja Wako. Ilikuwa fupi. Ilisema: usikisie, nenda ukaulize.

Mchana fundi alikwenda chuoni, akauliza.

"Wengine huniletea tu," alisema mpishi mkuu. "Mimi nataka mkate unaokatika bila kusagika. Wanafunzi wanaubeba kwenda nao karakana."

Jumatano jioni mume na mke walisoma maelekezo yote kwanza. Chini kabisa waliona jambo ambalo hawakuwahi kulifikia: mkate uachwe upoe kabla ya kukatwa, la sivyo husagika. Wao waliukata ukingali moto, siku zote.

Waliwasha oveni unga ukiwa bado unaumuka. Mama yake fundi, aliyeishi nao, hakupenda kukaa bure wakingoja. Akatoa kitabu cha tatu, riwaya ya mjane na shemeji zake wenye tamaa.

"Nisomee, mwanangu."

Fundi, kama walivyofanya na maelekezo, akafunua kurasa za mwisho kwanza. Mama akampiga kofi mkononi.

"Wewe! Unataka kunitajia muuaji hata marehemu hajafa! Rudi tulipoishia."

Fundi akarudi, akasoma. Mjane alikuwa amesikia hatua ukumbini. Unga ulipofika kwenye ukingo wa bati, mwokaji alisema, "Haya, funga kitabu. Nishikie mlango wa oveni."

"Ngoja kwanza!" alisema mama mkwe. "Mjane anafungua mlango!"

"Mjane atangoja, mama. Unga haungoji."

Mkate ulitoka umesimama. Waliuacha upoe usiku kucha. Hakuna aliyeugusa, ingawa fundi ilibidi atishwe kwa mwiko.

Alhamisi waliupeleka chuoni. Mpishi mkuu aliuweka mezani, akachukua kisu. Akakata kipande, akakiinua, akakitikisa. Hakikumeguka. Akakata cha pili, chembamba zaidi. Nacho kikasimama. Akaonja.

"Mnaweza kuanza Jumatatu?"

"Tunaweza," alisema mwokaji.

Jumatatu, kabla ya kengele ya chai, mkate wao ulikuwa kwenye meza za chuo, umekatwa tayari.