Ufunguo wa Pili wa Delcho

Haya yalimpata Nedyalka, jirani wa shangazi yangu, kule kwetu milima ya Rodopi, na anayebisha na aende akaulize: mwenyewe yupo na gari lipo. Siku ilianza kama siku yoyote ya Septemba. Nedyalka alikuwa uani akichoma pilipili hoho za kuhifadhi kwenye chupa, moshi umemjaa machoni. Mama mkwe wake, Bibi Yordana, kakaa kwenye benchi anapukuchua maharage. Gari la bluu limeegeshwa chini ya ukuta wa nyuma. Nedyalka akainama kuinua sinia. Pwip! Taa za gari zikawaka na kuzima, na kufuli za milango zikafunguka.

"Paja lako hilo," Bibi Yordana akasema bila kuinua macho. "Limebonyeza rimoti mfukoni. Delcho wangu hakubonyeza kitu kwa bahati mbaya hata siku moja."

"Delcho wako alikuwa mifupa mitupu, mama. Angebonyezea nini?"

Delcho, mumewe Nedyalka, alikuwa na wiki tatu kaburini. Tangazo la kifo lenye picha yake bado lilikuwa limebandikwa getini, na makaburi yenyewe yako nyuma ya ukuta ule ule. Ukihesabu kutoka msalaba wake mpaka boneti ya gari, hatua arobaini hazifiki.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, mwanaume yule hakumwachia mkewe usukani hata wa kurudisha gari nyuma. Miaka miwili iliyopita Nedyalka akaanza kwenda mjini kila Alhamisi "kwa daktari wa meno". Meno hayakupona, ila alirudi na leseni. Delcho alicheka mpaka machozi, kisha akaufunga ufunguo kwenye mkanda wa suruali na kulala nao. Sasa mwenyewe hayupo, na Nedyalka kapata kazi kwenye tanuri la mikate mjini, anaanza Jumatatu. Basi lilishaacha kupanda kijijini siku nyingi. Bila gari hakuna kazi. Bila kazi, atakaa kwenye benchi lile na mama mkwe, apukuchue maharage mpaka naye apelekwe nyuma ya ukuta.

"Arobaini ikifika gari linakwenda kwa mpwa wake," Bibi Yordana alikuwa ameshatangaza. "Labda gari lenyewe likutake. Na naona halikutaki."

Ijumaa buti likafunguka lenyewe mara tatu, kuku akaingia akataga. Jioni vioo vikashuka mvua inanyesha. Nedyalka akateremka hadi gereji ya fundi Stoil, mwisho wa kijiji.

"Dada, hiyo rimoti unaichanganya na sarafu na funguo za nyumba," Stoil akamwambia. "Vinasukumana humo mfukoni. Iweke peke yake, vitufe vitazame nje, visiguse mwili. Ikishindikana, itafutie kasha gumu."

Akaitafutia. Akaitia kwenye kopo la peremende, akaizungushia sufu ya kondoo, kopo akalitundika kwenye msumari jikoni. Hakuna paja, hakuna sarafu. Jumamosi saa sita mchana, pwip.

Nedyalka akalishusha kopo. Akaichokonoa rimoti kwa kisu, akatoa betri, akaiweka mezani mbele ya mama mkwe.

"Haya. Nani anabonyeza sasa?"

Wakakaa wanaitazama. Saa ya ukutani ikawa inagonga. Huko nje, pwip.

Bakuli la maharage likamponyoka Bibi Yordana. Akapiga ishara ya msalaba mara tatu. Ila Nedyalka aliona jambo moja na hakulipenda: bibi hakutazama gari. Alitazama ukuta.

Jumapili, jua la utosi, Nedyalka akaingia garini kufanya mazoezi ya gia. Alikuwa na hofu, nisikudanganye, lakini hasira ilikuwa imeizidi. Akafunga mlango. Akaweka mikono kwenye usukani.

Tap. Milango ikajifunga.

Tap. Ikajifunga mara ya pili. Gari lile, rimoti ikilifunga mara mbili, aliye ndani hatoki. Akavuta kishikizo. Kimya. Akavuta cha upande wa pili. Kimya. Vioo vimepanda hadi juu. Joto likaanza kumpanda shingoni. Alamu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Haikulia ovyo. Kila akigusa kishikizo, inalia. Akikiachia, inanyamaza.

Kuna mtu anamwona.

Akageuza shingo polepole. Ukuta. Juu ya ukuta, ncha za misalaba. Hapakuwa na mtu.

"Delcho," akanong'ona. Jasho likamwingia mdomoni. "Ni wewe?"

Tap, tap, tap, kufuli zikajibu.

Hapo wengi wetu tungelia. Nedyalka alitukana. Alimtukana tusi ambalo mwanamke wa kanisani hapaswi kulijua, kisha akachomeka ufunguo wa chuma. Betri haikuwepo, lakini injini haikuhitaji betri ya rimoti. Ikawaka. Akakanyaga, akapita getini kwa nguvu mpaka kioo cha pembeni kikaachwa nguzoni, akateremka barabara huku alamu inapiga kelele. Alipofika kona ya chemchemi, kelele ikakatika. Kufuli zote nne zikafunguka kwa pamoja.

Akasimama. Akatazama nyuma alikotoka. Akaelewa: hapa anayebonyeza hafiki.

"Stoil," akasema alipofika gereji, sauti haina hata mtetemo. "Gari hili lilikuja na rimoti ngapi?"

"Mbili, kama yote. Ya pili iko wapi?"

Aliliacha gari hapo, akapanda mlima kwa miguu. Bibi Yordana alikuwa jikoni, gizani, amefunga mapazia mchana kweupe.

"Mama. Ulimwekea nini kwenye jeneza?"

"Mtu haendi mikono mitupu," bibi akanong'ona. "Baba yake tulimpa kiko chake. Mama yangu tulimpa sindano zake za kufumia. Kila mtu na alichokipenda. Ndiyo desturi yetu, hata wewe unajua."

"Ulimwekea wapi?"

"Mkononi. Nilimfunga vidole mwenyewe." Akaanza kulia. "Tumfukue, mwanangu. Tumwite padri. Au mpe gari lake tu, atulie."

"Simfukui, wala simpi. Alilala na ufunguo kiunoni miaka miwili, inatosha!"

Nedyalka akarudi gereji. Stoil alipoambiwa, alikaa juu ya tairi. "Dada, mita mbili za udongo, kirimoti kile hakipenyi. Labda jeneza limelalia kitufe."

"Kitu kilicholaliwa hakichagui, Stoil. Hiki kinachagua. Wewe niambie moja: gari linaweza kumsahau?"

Fundi akamtazama, kisha akaleta kompyuta na waya, akauchomeka chini ya usukani. Baada ya robo saa akasema, "Imefutwa. Sasa linaijua yako tu. Ile nyingine ni kipande cha plastiki."

Nedyalka akarudisha betri kwenye rimoti yake na kuiweka mfukoni, huko huko pajani. Akalirudisha gari pale pale chini ya ukuta, ingawa angeweza kuliacha kwingine. Kisha akazunguka, akaingia makaburini, jua bado linawaka. Akasimama miguuni mwa mumewe.

"Bonyeza," akamwambia.

Upepo ulitulia. Nyuki aliyekuwa kwenye maua akaondoka.

Akasikia. Chini. Sauti ndogo ya kitufe cha mpira.

Tik.

Nyuma ya ukuta gari limekaa kimya.

Tik. Tik. Tik, tik, tik, tik.

Haja ndogo ilimkaribia, hilo alilisema mwenyewe baadaye. Lakini hakurudi nyuma hatua moja. "Bonyeza tu, Delcho. Mimi kesho nakwenda kazini." Akasimama pale mpaka sauti ikachoka, ikaacha. Ndipo akaenda kumalizia pilipili zake.

Jumatatu alfajiri alitoka na koti, amejipaka rangi ya mdomo. Bibi Yordana alichungulia mlangoni. Nedyalka akabonyeza, pwip, kufuli zikamtii. Kiti cha dereva kilikuwa kama alivyokiacha, karibu na usukani, kwa miguu yake mifupi.

Kiti cha abiria, hapana. Kile alichokalia yeye miaka thelathini na moja kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho, kwa mtu wa miguu mirefu. Mkanda umefungwa. Na kitambaa cha kiti kimebonyea.

Akashika mlango kwa muda.

"Kaa basi," akasema. "Ila neno moja njiani, nakushusha."

Akaingia, akavuta mlango kwa kishindo, akawasha. Walipoanza kuteremka mlima, kwenye kona ya kwanza, mkanda wa abiria ukavutika ghafla ukakaza, kama unavyomkaza mtu anayeogopa mwendo. Nedyalka hakugeuza macho. Akaongeza gia.