Mama Cherehani Ageuka Nyuma

Mtaani walimwita Mama Cherehani. Kutwa nzima aliinama juu ya nguo za watu. Akisimama, alijishika kiuno na kuguna. Mumewe, fundi baiskeli, alimtania kwamba yeye ndiye anayehitaji kutiwa grisi.

Ndipo akajiunga na darasa la wanawake kwenye ukumbi wa elimu ya watu wazima. Walisoma kwanza, kisha wakafanya mazoezi ya viungo. Miezi ikapita, na mgongo wake ukatulia. Mwalimu alipotakiwa kwenda kuanzisha darasa jingine, wanawake wakamchagua yeye awaongoze. Moyo wake ulijaa furaha. Hakuwa amewahi kuongoza chochote, hata kwenye vikao vya ukoo alikaa nyuma kimya.

Basi akaanza kwa pupa. Alisimama mbele, akawapa wenzake mgongo, akaruka kwa kasi yake mwenyewe. Aliyepumzika aliitwa mvivu. Haraka haraka haina baraka. Jirani yake Muuza Mkaa, mwenye magoti mabovu, alijikaza kwa kuona haya mpaka goti likavimba. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wanne tu. Darasa lilikuwa karibu kufa mikononi mwake.

Akamwendea mwalimu, akalalamika kwamba wenzake hawajitumi.

Mwalimu akamuuliza, "Wateja wako wote unawashonea kwa kipimo kimoja?"

"Hapana, mwalimu. Nani angevaa?"

"Na mazoezi je? Umewapa wote kipimo chako."

Mama Cherehani akainamisha kichwa. Mwalimu akamweleza taratibu. Mwili upashwe moto kwanza. Kila mtu aende kwa uwezo wake, na asiyeweza kuruka afanye akiwa amekaa kitini. Maumivu yakija, mtu aache. Mwenye ugonjwa amwone kwanza mhudumu wa afya.

"Na ugeuke nyuma," mwalimu akamwambia. "Usipowaona, unamwongoza nani?"

Akaenda moja kwa moja kwa Muuza Mkaa kuomba radhi. Alianza kusema, akakatiza, akaanza tena. Muuza Mkaa alimwacha ahangaike kidogo, kisha akacheka na kumkaribisha chai.

Goti lilipopona, Muuza Mkaa alirudi. Wengine nao wakarudi, mmoja mmoja. Sasa Mama Cherehani aliwatazama usoni. Alimpa kila mwanamke zamu ya kuongoza, hata wale wenye haya.

Siku moja kazi ilimchelewesha. Alikimbia njia nzima, akiogopa kukuta watu wameondoka. Alipofika mlangoni, alikuta ukumbi umejaa. Mbele yao alikuwa Muuza Mkaa, anahesabu kwa sauti kubwa, macho yake yakipita kwa kila mtu.

Mama Cherehani alifurahi kuliko hata siku aliyochaguliwa. Akajipenyeza mstari wa nyuma na kuanza kuruka.

"Wewe hapo nyuma," Muuza Mkaa akamwambia, "hujapasha mwili moto. Anza taratibu."

"Sawa, kiongozi," akajibu Mama Cherehani, akaanza taratibu.