Aliyeomba Msamaha Kabla ya Kosa

Zama za Mwingereza, watu wa Tengeru walimjua Bibi Evaresta kwa ulimi wake mkali na kwa mjukuu wake Eunike. Mama wa mtoto alifariki akijifungua. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, akanogewa huko, hata salamu hakuleta. Wakabaki bibi na mjukuu kwenye kihamba chao cha migomba na kahawa, juu kidogo ya ziwa Duluti.

Maisha yao yalikuwa ziwani. Asubuhi waliteremka na vibuyu, wakateka maji, wakafua, kisha Evaresta akakata matete ya kusukia vikapu huku Eunike akiwatania bata maji. Bibi alimfundisha kila kitu: tete lipi limekomaa, jiwe lipi linateleza, mkubwa anaamkiwaje. Akamfundisha na isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, usimtazame usoni ukamwaibisha. Unalipokea kwa mikono miwili, na ukishalipokea umesamehe, basi, hakuna kurudi nyuma. Eunike alikuwa na miaka sita na aliyashika mafundisho hayo kuliko hata sala zake.

Siku moja, mchana kweupe, Evaresta alikuwa katikati ya matete aliposikia mtoto anaongea na mtu. Akachungulia. Eunike alikuwa peke yake, ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

"Umepewa na nani hilo?"

"Na yule mama."

"Mama yupi?"

"Ameshakwenda." Akaonyesha kwa kidevu, upande wa maji.

Maji yalikuwa yametulia kabisa. Evaresta akamvuta mtoto mbali na ukingo.

"Alisemaje?"

"Aliomba nimsamehe. Nikapokea kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha."

"Amekukosea nini?"

"Bado," Eunike alisema. "Alisema atakuja kunikosea."

Tangu hapo Evaresta hakumwamini mtu. Mwanamke mmoja alikuja kuomba msamaha wa kosa ambalo bado hajalitenda, na kosa lenyewe lilikuwa juu ya mtoto huyu. Nani? Wa kwanza aliyemfikiria alikuwa Susana, mjane asiye na mtoto, aliyehamia jirani mwaka ule na kila mara akiwashikashika watoto wa watu vichwa. Evaresta alikwenda kwake akijifanya anaomba moto, kumbe macho yako kwenye boma la isale. Hakuna jani lililokatwa. Susana alimkaribisha vizuri, akamuulizia mtoto. Kwa nini amuulizie mtoto? Kila mtu pale kijijini alimuulizia mtoto, lakini siku hiyo ilimchoma.

Aliporudi kwake, ndipo alipoona. Kwenye mpaka wake mwenyewe, karibu na njia, isale moja ilikuwa imekatwa jani. Utomvu bado mbichi. Hakumwambia mtu yeyote.

"Eunike, yule mama anafananaje?"

"Nilitazama mikono tu, Bibi. Usoni hawatazamwi."

Wazee wa zamani walikuwa wakisema dawa ni moja: jani lirudishwe pale lilipopokelewa, na mtoto asiwepo. Basi kesho yake Evaresta akampeleka Eunike kwa Anyesi, mke wa mwinjilisti, mtu pekee ambaye moyo wake haukumshuku.

"Asitoke," alinong'ona mlangoni. "Usimpe mtu. Mtu yeyote, ila mimi mwenyewe."

Akateremka ziwani. Akalitupa jani majini. Jani halikuelea hata kidogo, lilizama kama jiwe. Akangoja. Kimya. Hakuna mtu, hakuna ndege. Akafurahi, akapanda mlima karibu akimbie, utu uzima wake wote kausahau.

Alimkuta Anyesi nje, anamenya ndizi.

"Niitie Eunike."

Anyesi alicheka. Kisha akamtazama vizuri, kisu kikasimama.

"Mama, si umemchukua sasa hivi?"

"Mimi?"

"Umekuja mwenyewe. Na khanga hiyo hiyo. Nimekuamkia hukuitikia, nikasema ana mawazo."

"Na mtoto?"

"Alifurahi. Alikukimbilia."

Watu walitafuta ziwani na msituni, mpaka Maji ya Chai. Askari wa bwana shauri walikuja, wakauliza, wakaondoka. Susana alilia kuliko wote. Lakini ndani kwa Anyesi, sakafu ilikuwa imesiribwa asubuhi ile ile, udongo haujakauka. Nyayo za Eunike zilikimbilia mlangoni. Pale mlangoni zilikuwepo nyayo mbili za mtu mzima, zimemngoja. Wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho.

Evaresta hakuwa na kidole hicho. Funza walikimaliza utotoni, na kila mtu alijua. Mbele ya watu wote akainua mguu, akauweka juu ya unyayo ule. Ukaingia barabara. Mmoja mmoja wakaanza kusogea mbali naye.

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyetazamwa kwa jicho la pembeni. Kibaya zaidi, hata yeye alianza kujishuku. Alijaribu kukumbuka njia ile ya kupanda kutoka ziwani, na kila alipoikumbuka aliiona ndefu zaidi, na kipande chake kimoja hakikuwepo.

Miaka ilipita. Evaresta, amekwisha kuwa kikongwe, akaenda jioni moja kwa Anyesi, ambaye alikuwa amejenga nyumba nyingine. Hakutaka kukaa.

"Siku ile nilipomchukua," alinong'ona, "nilimshika mkono?"

"Ulimshika," Anyesi alisema.

"Kwa nguvu?"

"Hapana, Mama. Vizuri tu."

Evaresta akashukuru, akalia machozi yake palepale, akarudi kwake. Ile ilikuwa nyumba mpya, haijawahi kukanyagwa na Eunike. Asubuhi Anyesi alipofungua mlango, alikuta kizingitini unyayo mmoja wa maji, mdogo, wa mtoto wa miaka sita, umeelekea ndani.