Sauti ya Chumba Namba Nne

Kila asubuhi ya likizo ile, Chiriku aliosha vikombe viwili vya chai, akafagia ukumbi wa mbele, kisha akamsaidia shangazi yake kubeba mkoba wa kompyuta hadi zahanati. Jina la Chiriku alipewa na shangazi huyohuyo, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza kwa muda wa kumenya chungwa moja.

Shangazi alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Siku moja alimweleza Chiriku kazi yake ilivyo. "Mimi sichori kitu," alisema. "Naandika tu ninachotaka kionekane. Hapa kiwe kisanduku cha jina, pale kitufe chekundu, chini yake maandishi makubwa. Kompyuta inasoma mistari yangu, halafu inachora yenyewe."

Mafundi wachanga wa kazi hiyo walimtumia maswali kwenye simu kutwa nzima, na maswali yenyewe yalikuwa yaleyale. Mbona maandishi yangu hayatokei? Mbona dirisha limeganda? Mbona nikibadilisha kisanduku kimoja, na cha jirani kinabadilika? Mikono ya shangazi ilipokuwa na kazi, Chiriku alimsomea maswali, shangazi akajibu kwa mdomo, Chiriku akaandika. Kazi hiyo aliipenda sana, maana ilikuwa ya kusema.

Programu ya zahanati ilikuwa ya kuita wagonjwa. Muuguzi wa mapokezi aliandika jina, uzito na joto la mwili, mgonjwa akapewa namba. Daktari akiwa tayari, muuguzi alibofya kitufe cha chumba chake, na spika ya ukumbini ikasema, "Namba ishirini na mbili, chumba namba mbili." Sauti hiyo ilikuwa ya Chiriku. Shangazi alimrekodi nyumbani akitaja namba moja hadi mia moja, na vyumba namba moja hadi tano. "Angalau mdomo huo upate ajira," alimtania.

Vyumba vyenye madaktari vilikuwa vitatu tu. Chumba namba nne kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya kona, na kilifungwa kwa kufuli tangu dari yake ilipoanguka. Mlangoni palikuwa na benchi moja ambalo halikaliwi na mtu.

Siku ya kwanza programu hiyo kutumika, katikati ya asubuhi, spika ilisema, "Namba tisa, chumba namba nne."

Mzee mmoja aliinuka na kikaratasi chake, akaenda, akabisha hodi. Akasubiri. Akabisha tena, kisha akarudi ukumbini akitikisa kichwa. Watu wakacheka. Chiriku naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani, maana alikuwa ameketi pale kwenye kiti, mdomo wake umefumbwa, na huku amejisikia akisema.

Siku ya pili sauti iliita watu wanne kwenye chumba kile. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alinong'ona kwamba zamani mtoto alifia humo. Mwingine, ambaye hata si mwenyeji wa mtaa ule, akaongeza kwamba mtoto mwenyewe alikuwa wa kike. Kufika mchana, viti vya upande wa korido vilibaki vitupu, na watu walibanana upande wa mlango wa kutokea.

Siku ya tatu Chiriku alimkuta Mapengo, mwanafunzi mwenzake, amekuja kubadilishwa bandeji ya mguu. Mapengo hakuwa na meno mawili ya mbele, na hilo halikumzuia kusema lolote.

"Umesikia kale kasauti?" Mapengo alimuuliza. "Kanafanana na kako. Ila hako kana adabu, kanasema kidogo halafu kananyamaza."

"Ni mimi. Shangazi alinirekodi."

"Najua ulirekodiwa. Nakuuliza anayekutuma uite watu kwenye chumba kilichofungwa ni nani."

Chiriku aliitazama spika. "Hakuna. Mashine tu."

"Mashine haijitumi," alisema Mapengo, akausogeza mguu wake mbali na korido.

Maneno hayo yalimwingia Chiriku, kwani kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Wiki moja kabla, shangazi alimpa nakala ya mazoezi ya programu ile, akamkataza kugusa faili la kazi, lile la zahanati yenyewe. Lakini nakala ya mazoezi haikuwa na sauti, na Chiriku alitamani kujisikia. Shangazi alipokwenda dukani, alifungua faili la kazi, akaandika kitufe chake mwenyewe cha kuita mgonjwa anayefuata. Chumba cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikuwa na vitufe tayari, basi cha kwake akakipa chumba namba nne. Alikibofya, sauti yake ikatoka, akafurahi mno.

Taabu ilianza alipotaka kukitoa. Kila alipofuta mistari ya kitufe chake, mistari mingine iliyokitaja ilibadilika rangi ikawa myekundu, na programu ikakataa kufunguka. Alisikia lango likilia. Kwa haraka akarudisha alichofuta, kisha kwenye sehemu inayosema kitufe kionekane kwa kiasi gani, akaandika sifuri. Kitufe kikatoweka. Mahali pake pakabaki peupe, kama hapajawahi kuwa na kitu.

"Hukugusa faili la kazi?" shangazi aliuliza akiweka kapu chini.

"Hapana, Shangazi."

Sasa Chiriku alijiambia kwamba kitu kisichokuwepo hakiwezi kusema. Alikiona kikitoweka kwa macho yake. Basi kama si kitufe, ni nani? Alitamani kurudi nyumbani, na hakusema neno kwa mtu.

Shangazi naye alikuwa hajapata usingizi siku mbili. Asubuhi hiyo aliketi mwenyewe kwenye kiti cha mapokezi kwa saa nzima, akaandika majina, akaita wagonjwa. Sauti haikutaja chumba namba nne hata mara moja. Alipoinuka tu na muuguzi kurudi kitini, hata dakika tano hazijapita, spika ikasema kwa ile sauti nyembamba, yenye adabu, "Namba thelathini na moja, chumba namba nne."

Muuguzi aliachia kalamu. "Mimi sijagusa kitu," alisema. "Nimeandika joto la mgonjwa, basi. Sikubonyeza kitufe chochote."

"Nakuamini, Sista," shangazi alisema, akajishika kichwa. "Ndiyo maana sielewi."

Shangazi alikwenda kukaa kwenye meza ya pembeni, akaanza kukagua mistari yake kuanzia juu. Simu yake ilikuwa ikiita kila mara. "Chiriku, nisomee hayo maswali," alisema bila kuinua macho. "Watu wananisubiri."

Chiriku alisoma la kwanza, shangazi akajibu. Akasoma la pili. La tatu alitaka kuliruka, lakini alikuwa ameshalianza.

"Nimefanya kitufe kisionekane kabisa. Lakini nikibofya mahali pale patupu, bado kinafanya kazi. Kwa nini?"

"Hilo naulizwa kila wiki," shangazi alijibu, macho bado kwenye skrini. "Mwandikie hivi. Hukukitoa, umekifanya kisionekane tu. Bado kipo palepale, kinashika nafasi yake, na kidole kikigusa hapo kinasikia."

Chiriku aliiweka simu mezani. Alimtazama muuguzi. Mama yule alimaliza kuandika joto la mgonjwa, akasogeza mshale pembeni, mahali peupe, akabofya mara moja kama mtu anayeweka kijiko chini baada ya kukoroga chai. Ilikuwa mazoea yake tu, hata mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo.

"Namba thelathini na nne, chumba namba nne," ilisema spika.

Chiriku aliinuka. Hofu ya mzimu ilimtoka yote, ikaingia nyingine iliyo mbaya zaidi, kwa sababu hii ilikuwa na jina lake. Alitaka kwenda nje kupunga upepo apate kufikiri, lakini mlangoni palijaa watu, akajikuta anaifuata korido.

Nyuma ya kona, kwenye benchi la chumba namba nne, palikuwa na mtu.

Alikuwa bibi mmoja mwenye viatu vilivyojaa vumbi la safari. Mapajani alimlaza mtoto wa kama miaka mitatu. Mtoto hakulia wala hakujigeuza. Midomo yake ilikuwa imekauka, na pumzi yake ilisikika hadi pale Chiriku aliposimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Daktari amefika?" Bibi alimwonyesha kikaratasi. Kilikuwa na namba thelathini na moja. "Kuna mtoto ameniita kwenye spika. Kasema chumba namba nne, nikaja. Nasubiri wafungue."

Alisema hivyo kwa imani tupu, na Chiriku aliona haya mpaka machozi yakamlenga. Aligusa paji la uso la yule mtoto, akaondoa mkono upesi. Lilikuwa moto.

Hata hapo alijaribu njia ya mkato. Alimshika bibi mkono, akampeleka mapokezi. "Sista, huyu bibi hajaonwa na daktari," alisema.

Muuguzi alitazama skrini. "Thelathini na moja ameshaitwa, ameshahudumiwa. Hapa inasema hivyo. Na leo, mwanangu, kila anayetaka kuruka foleni anadai aliitwa chumba namba nne. Akae nyuma ya hao wengine."

Nyuma ya hao wengine kulikuwa na watu ishirini na sita. Chiriku aliwahesabu. Kisha akamtazama mtoto, ambaye sasa macho yake yalikuwa wazi nusu na hayaangalii kitu. Alipiga moyo konde.

"Hajahudumiwa, Sista. Mimi ndiye niliyemwita." Sauti yake ilisikika ukumbi mzima, na watu walioijua kutoka kwenye spika wakageuka wote kwa pamoja. "Kuna kitufe nilikiweka mimi kwenye faili la kazi. Nikashindwa kukitoa, nikakificha. Kipo hapo penye weupe unapobofya ukimaliza kuandika. Shangazi aliniuliza, nikamdanganya."

Shangazi alikuwa amesimama, simu mkononi. Hakumtazama Chiriku. Alimtazama mtoto, akamchukua kutoka kwa bibi, akamwingiza chumba namba moja bila kubisha hodi.

Mlango ulifungwa kwa muda mrefu. Chiriku alisimama nje yake. Mapengo alikuja akichechemea, akasimama kando yake.

Daktari alipotoka, alimwambia bibi kwamba homa imeanza kushuka na mtoto amekunywa maji. Kisha akamgeukia Chiriku. "Umesema kwa wakati," alisema. "Lakini degedege lilikuwa mlangoni. Lingempata kwenye lile benchi, nyuma ya kona, nani angejua?" Akarudi chumbani.

Shangazi alimkalisha Chiriku mbele ya kompyuta. "Kitoe," alisema. Chiriku alikitoa mstari kwa mstari, na kila palipotokea rangi nyekundu, shangazi alimwonyesha mahali pengine kitufe kilipotajwa, mpaka nyekundu yote ikaisha. Muuguzi alibofya mahali peupe mara kumi. Spika haikusema kitu.

"Sasa kuna wengine walioitwa," shangazi alisema, akampa kipaza sauti. "Waite."

Chiriku alikisogeza mdomoni. "Namba thelathini na nne," alisema, "na wengine wote mlioitwa chumba namba nne. Njooni mapokezi. Mliitwa kwa makosa. Chumba hicho hakina mtu. Makosa ni yangu."

Watu walitazamana. Wengine waliguna, mmoja alimrushia neno kali, na Chiriku akalipokea. Mama aliyesema habari za mtoto aliyefia humo alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Walipobaki wawili pale mezani, Chiriku alisema, "Nisamehe, Shangazi. Sikujua kwamba kitufe kisichoonekana bado kinafanya kazi."

"Hilo la kitufe nimeshakusamehe," shangazi alijibu. "Kila anayejifunza hulikosea, na mimi najibu swali hilo kila wiki bila kumkasirikia mtu. Kukosea si aibu, mwanangu. Ungeniambia siku ile, tungekitoa kwa dakika tano na kucheka. Lakini mimi nilikuuliza swali moja tu, Chiriku, na jibu lako ndilo lililomweka yule mtoto kwenye benchi. Kosa lililosemwa hurekebishwa. Lililofichwa huendelea kufanya kazi, na linayemuumiza hata humjui."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nimeelewa."

Shangazi alivuta kompyuta karibu. "Kuna faili jingine la kazi uliloligusa?"

"Hapana, Shangazi."

Ilikuwa kweli, na aliisema akimtazama machoni. Shangazi naye alimtazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akafungua faili la kwanza, akaanza kulikagua mstari kwa mstari, kisha la pili, na la tatu. Chiriku aliketi kando yake akangoja, mpaka yakaisha yote.