Kigezo Kisichotangazwa

Kila siku alasiri, akitoka chuoni kusoma Kurani, Shaima alipita mtaa wa Mkunazini kwenye ofisi ya mama yake. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mama yake, Bi Ruqaya, na fundi wake, Suhaib, walitengeneza mifumo ya kompyuta. Shaima alivua viatu, akanywa maji, kisha akafanya hesabu za skuli huku akiwasikiliza.

Wiki ile ofisi nzima ilikuwa roho juu. Idara moja ya serikali ilikuwa imetangaza zabuni ya mfumo wa kuandikisha wagonjwa katika vituo vya afya, ili mgonjwa wa Kiwengwa au Kizimbani asikae foleni tangu alfajiri. Bi Ruqaya na Suhaib walikuwa wameiomba kazi hiyo, na mfumo wao waliujaribu mpaka ukawa haukwami hata kidogo.

Siku moja majibu yalifika. Bi Ruqaya aliyasoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Tumekosa," alisema. "Wanasema kampuni yetu haijatimiza miaka kumi."

Suhaib aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Miaka kumi! Tangazo lilisema watatoa alama kwa ubora wa mfumo, ujuzi wa mafundi na bei. Basi! Hiyo miaka imetoka wapi?"

Walilifungua tangazo, wakalisoma mstari kwa mstari. Habari ya miaka haikuwemo.

"Nnapinga," alisema Bi Ruqaya, na macho yake yakaanza kung'aa. "Sheria inaturuhusu. Kesho nnapeleka malalamiko."

Shaima hakulala vizuri kwa hamasa. Asubuhi, skuli, alishindwa kujizuia. Alijua kuwa kamati iliyotoa alama iliongozwa na Bwana Talib, baba yake Yusra wa darasa la jirani.

"Mama yangu anaishitaki serikali!" aliwaambia wenzake. Walipomzunguka kumsikiliza, utamu ukamzidi, akaongeza na lisilokuwepo. "Wamekula rushwa wale. Bwana Talib kajengewa nyumba!"

Kabla ya kengele ya mwisho, maneno yalikuwa yameshamfikia Yusra. Alikuja akasimama mbele ya Shaima, machozi yakimlengalenga.

"Nyumba gani aliyojengewa baba yangu? Nionyeshe."

Shaima aliokota mkoba wake, akaondoka mbio.

Alipofika nyumbani alimweleza mama yake kila kitu. Bi Ruqaya hakumkaripia. Alichukua buibui lake.

"Vaa viatu. Twende kwao."

"Lakini mama, si ndio tunashindana nao?"

"Ndiyo. Na uongo huo umewafanyia wao."

Bwana Talib aliwafungulia mlango mwenyewe, Yusra akiwa nyuma yake.

"Shikamoo," alisema Shaima.

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyesema umekula rushwa. Sijui lolote, nimelitunga tu. Nawaomba radhi, wewe na Yusra. Kesho nitawaambia wenzangu skuli kuwa nilisema uongo."

Bwana Talib aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia Bi Ruqaya. "Kuhusu ile zabuni, Bi Ruqaya..."

Bi Ruqaya aliinua mkono. "Hatukuja kwa hilo. La zabuni tutalisema kikaoni, mbele ya watu."

Kesho yake Shaima aliwaambia wenzake kuwa alisema uongo. Kikao kilifanyika wakati wa likizo, na Shaima aliruhusiwa kukaa nyuma pamoja na Suhaib. Bi Shemsa, kiongozi wa jopo la kusikiliza malalamiko, alimpa Bi Ruqaya nafasi ya kuzungumza.

"Simtuhumu mtu kwa rushwa," alisema Bi Ruqaya. "Nasema jambo moja tu. Mmetupima kwa kigezo ambacho hamkukitangaza. Mwalimu akitunga mtihani wa hesabu, hawezi kusahihisha kwa kutazama urefu wa mwanafunzi!"

Watu wakacheka. Bi Shemsa hakucheka. "Bwana Talib, ni kweli?"

Bwana Talib alisimama.

"Ni kweli," alijibu. "Kigezo cha miaka tulikiongeza baada ya kufungua zabuni. Tulidhani kampuni kongwe itakuwa salama zaidi. Lakini hatukuwa na haki hiyo. Hivi karibuni mtoto alikuja mlangoni kwangu kusema kosa lake. Na mimi nasema langu."

Suhaib alimbana Shaima mkono hadi ukauma. Jopo likaamua kuwa zabuni zote zipimwe upya na kamati nyingine, kwa vigezo vilivyotangazwa tu.

Majibu mapya yalipofika, Suhaib alipiga kelele mpaka muuza vitambaa akatoka nje ya duka. "Tumepata! Mfumo wetu umeongoza!" Shaima alirukaruka, akamkumbatia mama yake, wakaanza kucheka na kulia pamoja.

Jioni walikwenda bustani ya Forodhani kula urojo wenye bajia na viazi, na Shaima alimwalika Yusra.

"Mama," aliuliza, "kumbe serikali inaweza kuambiwa imekosea?"

"Inaweza, na usiogope kuiambia," alijibu Bi Ruqaya. "Ukidhulumiwa, dai haki yako. Lakini dai kwa unalolijua. Ukitia uongo ndani yake, unamdhulumu mwengine, na hata lile la kweli watu hawatakuamini tena."

"Naam, mama," alisema Shaima. Kisha akasogea kwenye benchi, akampa Yusra nafasi ya kukaa karibu naye.