Fahari ya Profesa Veligin

“Chai imechemka.”

Intisar alikata simu, akakanyaga mafuta. Ishara ilikuwa hiyo: Profesa Gleb Veligin anatoroka.

Camry ilichanja mbuga kuelekea mji wa Katy, Texas. Mwaka ulikuwa 2002, na hasira ya Intisar ilikuwa bado mbichi. Mwanakemia huyo wa Kirusi, alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, alitengeneza gesi inayopenya kinyago chochote. Ili kuijaribu, alimvisha mwanafunzi wake kinyago, akamfungia chumbani.

Mwanafunzi huyo alikuwa Shuaib, kaka yake Intisar. Aligonga mlango mpaka mikono ikalegea.

Sasa mitungi ya gesi ilikuwa imefichwa humo humo Texas, ikisubiri mnunuzi.

“Dada, motokari yake imeshawashwa,” alisema redioni Lévi, mwenzake Mkongo aliyekuwa akiivizia nyumba ya profesa. “Iko karibu kutuponyoka!”

“Hatatoka kabla ya kukaa.”

“Kukaa?”

“Warusi wa rika lake hawasafiri bila kukaa kimya kwanza. Mshughulikie dereva.”

Alipofika, Intisar aliingia nyumbani humo kwa mlango wa jikoni, bastola ya Glock mkononi. Kweli bwana! Mzee alikuwa amekalia sanduku lake sebuleni, macho kayafumba, mikono magotini.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba,” alijibu kwa mazoea ya darasani.

Kisha akafumbua macho.

“Mitungi iko wapi?”

Veligin alitikisa kichwa.

Intisar alitoa kichupa cha kioo. “Gesi yako. Uliisahau Dar.”

Veligin alichomoa kinyago kwenye begi lililokuwa kando yake. Akakitazama. Akakitupa. Nani alijua kuliko yeye kwamba hakifai kitu?

“Cedar Hill, karibu na Dallas! Ghala la matairi, nyuma ya kanisa!”

Intisar aliwapasha habari kwa simu wenzake wa Dallas. Walichelewa kujibu, lakini walijibu.

“Tumeikamata yote.”

“Nimesema ukweli,” Veligin alilia. “Niachilie, binti yangu.”

Binti yake! Intisar alimsukuma stoo, akakivunja kichupa miguuni pake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Profesa akagonga. Kwa ngumi, kwa magoti, kwa kichwa. Gesi yake haikuwa na rangi wala harufu; alizoea kujivunia hilo.

Intisar alisimama akisikiliza. Roho yake ilisuuzika, wala hakuona haya.

Nje, dereva alikuwa amefungwa pingu kwenye usukani. Lévi, aliyesikia yote redioni, alikuwa ametoa macho.

“Dada, ile gesi uliitoa wapi?”

“Gesi gani? Kichupa kitupu cha marashi.”

“Mungu wangu! Tumwambie basi, atakufa na woga!”

“Polisi wanakuja. Watamwambia wao.” Intisar alifungua mlango wa Camry. “Mwache agonge kidogo.”